Kuipima Nadharia Tete: Funzo la Sensa ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Barazani methali hiyo yatosha kumaliza ubishi. Katika utafiti haitoshi, kwa sababu humo lisemwalo ni nadharia tete tu, na halikubaliki mpaka lipimwe. Mwanafunzi wa Kiswahili wa shahada ya kwanza anayechukuliwa kuwa msaidizi wa utafiti wa sayansi ya siasa kwa kawaida hupewa kazi ya kufasiri hojaji na kuwahoji watu. Ni nadra kuelezwa hoja inayopimwa ni ipi na neno moja alilolifasiri vibaya laweza kuiharibu vipi. Makala haya yanafafanua hatua za kupima nadharia tete kwa kutumia mfano uliozua mabishano makubwa: hesabu ya watu katika eneo la Garissa, Wajir na Mandera.

Dhana ya nadharia tete

Neno "tete" hubeba maana ya kitu ambacho hakijakomaa wala kuimarika. Kwa hiyo nadharia tete ni kauli inayokisia uhusiano baina ya mambo mawili au zaidi, nayo huwekwa wazi ili ushahidi uweze kuikanusha. Kauli isiyoweza kukanushwa na ushahidi wowote si nadharia tete; ni imani.

Mtafiti huanza na kauli mbili. Ya kwanza ni nadharia tete kanushi, yaani ile isemayo kwamba hakuna jambo lisilo la kawaida lililotokea. Ya pili ni nadharia tete mbadala, isemayo kwamba lipo. Kinachopimwa ni ile ya kwanza. Mtafiti huuliza: ikiwa mambo ni ya kawaida, je, data hizi zingetarajiwa? Zikiwa mbali mno na matarajio, nadharia tete kanushi hukataliwa.

Mfano wa sensa

Sensa ya mwaka 1999 iliupa uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki watu 962,143: Garissa 392,510, Wajir 319,261 na Mandera 250,372. Sensa ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2009 ikatoa jumla ya 2,310,757: Garissa 623,060, Wajir 661,941 na Mandera 1,025,756. Katika kipindi hicho hicho, idadi ya Wakenya wote iliongezeka kutoka takribani milioni 28.7 hadi milioni 38.6.

Nadharia tete kanushi hapa ni kwamba ongezeko hilo lilitokana na uzazi wa kawaida. Tuseme Mandera ilikua kwa asilimia 4 kila mwaka, kasi iliyozidi ile ya taifa zima. Baada ya miaka kumi ingekuwa na watu wapatao 370,000. Sensa ilionyesha zaidi ya milioni moja, yaani mara nne ya idadi ya 1999. Hapana shaka kwamba nadharia tete kanushi haiwezi kusimama.

Mwezi Agosti 2010, Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya wilaya nane: Lagdera, Wajir Mashariki na wilaya tatu za Mandera, pamoja na wilaya tatu za Turkana. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo.

Kukataa si kuthibitisha

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kukataliwa kwa nadharia tete kanushi hakuthibitishi nadharia tete mbadala anayoipenda mtafiti. Kunaonyesha tu kwamba uzazi wa kawaida hautoshi kuwa maelezo. Yapo maelezo mengine yasiyopungua matatu, na kila moja lina dalili zake.

La kwanza ni kwamba hesabu ilitiwa chumvi kwa maslahi ya kisiasa. Ikiwa ndivyo, mpangilio wa umri na jinsia utakuwa na kasoro, kwa kuwa ni rahisi kubuni majina kuliko kubuni jamii yenye uwiano wa watoto, vijana na wazee. La pili ni kwamba sensa ya 1999 iliwaacha wafugaji wengi bila kuhesabiwa. Ikiwa ndivyo, idadi kubwa ya 2009 haina budi kudumu katika sensa zitakazofuata. La tatu ni kwamba waliohesabiwa ni wahamiaji, hasa wakimbizi kutoka Somalia, ambao kambi zao za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991.

Tulipime hili la tatu. Dadaab imo Garissa. Kama wakimbizi wa kambini ndio chanzo kikuu, Garissa ingeongoza kwa ongezeko. Kumbe Garissa iliongezeka kwa zaidi kidogo ya mara moja na nusu, Wajir mara mbili, na Mandera, iliyo mbali na kambi hizo, mara nne. Hata kama dhana hiyo inaeleza sehemu ya ongezeko la Lagdera, haielezi la Mandera. Anayetaka kuitetea hana budi kuirekebisha, kwa mfano kwa kutaja mipaka ya Mandera na Somalia na Ethiopia, kisha aipime upya.

Vipi la pili? Sensa ya 2019 iliipa Garissa watu 841,353, Wajir 781,263 na Mandera 867,457. Mandera ilikuwa imepungua kwa watu 158,299. Aliyeamini kwamba hesabu ya 2009 ilitiwa chumvi aliona hapo ushahidi. Aliyeamini kwamba wafugaji huachwa nje aliona kwamba safari hii ndiyo waliyoachwa. Ushahidi mmoja ukatetea pande mbili zinazopingana, jambo linaloonyesha kwamba tarakimu za jumla pekee hazitoshi. Mgogoro huo nao ulifika mahakamani, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikayabatilisha matokeo ya 2019 yaliyolalamikiwa katika kaunti hizo tatu.

Makosa mawili na gharama zake

Wanatakwimu hutofautisha makosa ya aina mbili. Kosa la kwanza ni kuikataa nadharia tete kanushi ilhali ni ya kweli. La pili ni kuikubali ilhali ni ya uongo. Katika sensa, kosa la kwanza ni kumshuku raia aliyekuwapo. La pili ni kumpokea raia asiyekuwapo. Kila moja lina gharama. Ibara ya 89 ya Katiba ya 2010 inaifunga mipaka ya maeneobunge na idadi ya watu, na katika fomula ya kwanza ya kugawa mapato baina ya kaunti, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 45. Kwa hiyo anayeongezewa watu hewa huchukua fungu la mwenzake, na anayefutwa hesabuni hupoteza kiti bungeni, zahanati na kisima. Kwa eneo lililotawaliwa chini ya sheria za hali ya hatari kwa karibu miongo mitatu baada ya uhuru, kuambiwa "hampo" si suala la takwimu tu.

Nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Sensa si sampuli. Hofu kuu ndani yake si bahati ya uteuzi bali ni usahihi wa kipimo, na kipimo chenyewe ni lugha. Chukua neno "kaya". Katika hojaji, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Kisomali kina neno *qoys*, linalokaribia familia ndogo, na neno *reer*, linaloweza kuenea hadi ukoo mzima. Mhojaji akiuliza kwa neno la pili, atapata watu wengi. Akiuliza kwa la kwanza, atapata wachache. Vilevile, vijana walio malishoni na ngamia siku kadhaa kutoka nyumbani waweza kuhesabiwa mara mbili au wasihesabiwe kabisa, kutegemea swali la "nani alilala hapa usiku ule" lilivyofasiriwa.

Kwa hiyo msaidizi wa utafiti anapaswa kufanya mambo manne. Aulize nadharia tete inayopimwa ni ipi kabla ya kufasiri swali la kwanza. Tafsiri yake irudishwe katika lugha asilia na mtu mwingine, ili tofauti zionekane. Aandike majibu yalivyotolewa, hata yakipingana na matarajio ya aliyemwajiri. Na data zikishaonekana, asiibadili nadharia tete ili ifanane nazo, kwani huko ni kuchora shabaha baada ya kufyatua mshale.

Hitimisho

Sensa ya Kaskazini Mashariki inafundisha kwamba tarakimu ya kushangaza ni mwanzo wa utafiti, si hukumu. Waziri aliona ongezeko lisilo la kawaida, na hapo hakukosea. Swali lililobaki ni kwa nini, na hilo halijibiwi kwa kufuta wala kwa kushangilia. Hujibiwa kwa kuyaweka maelezo yote mezani, kuyapima moja baada ya jingine, na kuhakikisha kwamba mama wa Mandera na karani wa sensa wanapotamka neno "kaya" wana maana moja.