Kanyanga na moto wa bluu: kiberiti hakionyeshi sumu

Muulize mpishi wa kanyanga hapa kwetu Kivu kama pombe yake ni nzuri: atamwanga kidogo kwenye kijiko na kuwasha kiberiti. Ikiwaka bluu, anasema iko safi. Shida ni kwamba moto huo hauonyeshi kile tunachoogopa.

Alkoli si kitu kimoja, ni jamaa nzima. Ile inayolewesha ni etanoli. Ndugu yake mdogo, metanoli, ni sumu. Zote mbili hazina rangi, zinaingia ndani ya maji bila kuacha alama, na zinawaka bluu. Harufu zao pia zinakaribiana. Basi zikiwa ndani ya chupa moja, macho, pua wala ulimi haviwezi kuzitenganisha.

Tofauti iko kwenye joto la kuchemka: metanoli digrii 65, etanoli 78, maji 100. Njo maana wapishi wengi wanatupa matone ya kwanza. Wako na haki, lakini nusu tu, kwa sababu zikishachanganyika na maji, metanoli inaendelea kutoka kidogo kidogo pamoja na zingine. Kwa kweli mihogo na mahindi yenyewe yanatoa metanoli kidogo sana. Ajali kubwa mara nyingi zinatoka kwa muuzaji anayeongeza alkoli ya kiwandani ndani ya bidoni ili pombe iwe kali.

Ndani ya mwili, ini linageuza metanoli kuwa asidi ya fomiki, na hiyo inaharibu mshipa wa jicho. Mililita 10 tu, sawa na vijiko viwili vya chai, zinaweza kupofusha mtu. Tena haionekani palepale. Mnywaji analala vizuri, kisha kesho yake, masaa 12 mpaka 24 yakipita, anaona kama ukungu, tumbo linamuuma, anahema mbiombio. Jamaa wanasema ni uchovu wa pombe, ama amerogwa, na saa zinapita.

Huyo apelekwe hospitali mara moja. Ajabu ni kwamba munganga anaweza kumpa etanoli safi: ini linashughulikia etanoli kwanza, metanoli inabaki bila kugeuka, na mwili unapata nafasi ya kuitoa. Ila hiyo ni kwa kipimo cha munganga. Kumuongezea glasi nyumbani ni kumuua. Na ile chupa aliyokunywa, kama imebaki kitu ndani, muende nayo.