Ahueni ya Uviko ilivyovipita vibanda vya Newala na Masasi

Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua za kupunguza makali ya Uviko-19 katika uchumi. Riba inayoyatoza mabenki ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 5, na mabenki yakaruhusiwa kupanga upya mikopo ya wateja waliokwama. Kiwango cha juu cha miamala ya simu kwa siku kikapanda kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5. Julai 2021 Benki Kuu ikaongeza mfuko wa shilingi trilioni 1, mabenki yakopeshwe kwa asilimia 3 nayo yakopeshe kwa riba isiyozidi asilimia 10.

Hatua hizo zilikuwa na maana, ila zilimfaa kwanza mwenye mkopo benki. Sokoni Newala, mkoani Mtwara juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi chini yake, mtaji wa mfanyabiashara mdogo hutoka kwenye vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA), upatu, ndugu, au muuzaji wa jumla anayemwamini.

Tena ugonjwa uliingia wakati mbaya. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, minada mikubwa ya korosho ikiwa imeshapita. Fedha za huku hushuka kuanzia Oktoba, vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vilivyo chini ya vyama vikuu vya TANECU na MAMCU vinapoanza kulipa wakulima. Zikishaisha, biashara huenda kwa daftari: muuza vitenge anaandika jina, idadi ya doti na deni litakalolipwa "korosho zikitoka". Wakati ule, ifikapo Juni, senti iliyobaki ilikwenda kwenye salfa ya kupulizia mikorosho.

Serikali haikufunga masoko, lakini shule zilifungwa tangu Machi hadi mwishoni mwa Juni. Mama anayeuza maandazi na mihogo nje ya geti la shule alikosa wateja kwa miezi mitatu, na hakuwa na mkopo wa benki wa kupangiwa upya. Kenya angalau ilimgusa mdogo moja kwa moja ilipopunguza kodi ya mauzo kutoka asilimia 3 hadi 1.

Kwetu, mkono unaoweza kufika kwenye kibanda ni wa halmashauri. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Udhaifu wake ni kwamba mapato hayo yanategemea sana ushuru wa korosho. Msimu ukiyumba, mfuko unapungua siku ile ile wakopaji wanapoongezeka. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa baada ya ukaguzi kuibua vikundi hewa na marejesho yasiyolipwa. Iliporudi mwaka 2024, Mji wa Newala ukawa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio ya kukopesha kupitia benki.

Majaribio hayo yatafaa iwapo benki itakubali kumbukumbu za kikundi kama ushahidi wa biashara, na marejesho yakafuata minada badala ya kudaiwa kila mwezi. Na msimu unapokuwa mzuri, sehemu ya asilimia 10 iwekwe akiba ya dharura. Madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, hesabu za korosho zikiwa mezani. Hapo ndipo pa kuamua, kabla ya janga jingine.