Nani Mwizi wa Nyama: Fisi au Simba?

Katika kisiwa cha Nkombo, ndani ya Ziwa Kivu, mtoto humjua fisi kwa hadithi tu. Masimulizi ya Rwanda humwonyesha kuwa mnyama mlafi na mjinga, adanganywaye kila mara na sungura Bakame. Watu wazima nao humwita mla mizoga, anayengojea jasho la simba. Je, sifa hiyo ni ya haki?

Katika miaka ya 1960 mtaalamu Mholanzi, Hans Kruuk, aliwafuatilia fisi madoa usiku katika Serengeti na Ngorongoro, nchini Tanzania. Alithibitisha kuwa fisi wa huko huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, hasa nyumbu na punda milia. Kule Ngorongoro, mara nyingi simba ndiye aliyefika baadaye, akawafukuza na kujitwalia nyama. Kulipopambazuka, watu walimwona simba akila na fisi wakizunguka kando, wakadhani kwamba mwindaji ni simba.

Ndiyo maana fisi hula kwa haraka. Meno yake huvunja hata mifupa inayomshinda simba. Lakini si kila siku fisi hunyang'anywa. Wakiwa wengi, na dume la simba halipo, huweza kuwafukuza simba majike. Wahenga walisema: Wengi wape.

Wakubwa wakishiba, bweha na tumbusi hupata masazo. Hivyo mzoga mmoja ni sahani ya wengi, na hapo ndipo ilipo hatari ya sumu. Katika Hifadhi ya Akagera, mashariki mwa Rwanda, simba walitoweka katika miaka iliyofuata 1994, baada ya wafugaji kuwatilia sumu ili kulinda ng'ombe. Uzio wa umeme wenye urefu wa kilomita 120 ulikamilika mwaka 2013, na mwaka 2015 simba 7 wakaletwa kutoka Afrika Kusini.

Kijana wa Nkombo anayepelekwa mashariki kwa kazi ya ulinzi, pamoja na jamaa zake, na wakumbuke jambo hili: sumu iliyotiwa katika mzoga haichagui. Humwua simba, fisi na tumbusi, hata mbwa wa nyumbani. Ng'ombe akiuawa, apelekewe habari askari wa hifadhi. Mzoga usitiwe sumu.