Kuwasilisha Makala katika Kongamano la CHI: Maneno ya Msemaji wa Kiswahili Mbele ya Wahakiki

Kwa wanaisimu walio wengi, kongamano ni mahali pa kulijaribia wazo kabla halijafika jaridani. Mtafiti husoma mada yake, huulizwa maswali, kisha hurudi kuiandika upya. Katika taaluma za kompyuta hali ni kinyume. Makala inayopelekwa kongamanoni huhakikiwa ikiwa kamili, na ikikubaliwa huchapishwa katika kumbukumbu za kudumu na kupewa uzito ambao mwanaisimu angeupa makala ya jarida. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeshirikiana na wanakompyuta asipolifahamu hilo, ataandaa ikisiri nzuri na kudhani kwamba kazi imekwisha.

Kongamano mashuhuri zaidi katika uwanja unaochunguza namna watu wanavyozitumia kompyuta, na namna kompyuta zinavyopaswa kusanifiwa ili ziwafae watu, ni lile la CHI, linaloandaliwa chini ya chama cha wanakompyuta cha ACM. Chimbuko lake ni mkutano uliofanyika mwaka 1982 mjini Gaithersburg, katika jimbo la Maryland, Marekani. Kiswahili chenyewe hakijatulia juu ya jina la uwanja huo: wapo wasemao mwingiliano wa binadamu na kompyuta, na wapo wasiokubali neno lolote isipokuwa tarakilishi. Mgogoro huo wa istilahi una mahali pake. Lililo zito zaidi ni kwamba uchunguzi wa makala za CHI za miaka ya 2016 hadi 2020, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa asilimia 73 ya matokeo ya tafiti hizo yalitokana na washiriki wa nchi za Magharibi, ambao hawafikii asilimia 12 ya watu wote duniani. Kwa hiyo makala inayowahusu wasemaji wa Kiswahili huingia mahali ambapo wahakiki wengi hawajapata kuisikia lugha yenyewe.

Masharti ya kuwasilisha hayana fumbo. Makala huandikwa kwa Kiingereza na kutumwa kwa njia ya intaneti. Majina ya waandishi na ya vyuo vyao huondolewa, na shukrani pia, ili mhakiki asijue anayemhakiki ni nani. Mwandishi akiutaja utafiti wake wa awali, huutaja kama anavyoutaja wa mtu mwingine. Urefu hupimwa kwa kulinganishwa na uzito wa mchango. Tarehe ya mwisho huhesabiwa kwa saa za “popote duniani”, zilizo nyuma ya saa za Greenwich kwa saa kumi na mbili. Maana yake ni kwamba siku inayomalizika usiku wa manane kwa hesabu hiyo humalizika saa tisa alasiri ya siku inayofuata kwa watu wa Nairobi na Dar es Salaam. Ni nafuu ndogo, na wengi huimaliza kwa kupanga majedwali.

Tatizo la mwanaisimu limo katika sharti la lugha. Mahojiano yamefanyika kwa Kiswahili, lakini ushahidi unaomfikia mhakiki ni Kiingereza. Chukua mfano wa huduma za kutuma pesa kwa simu, zilizoenea Kenya tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007. Tuseme mshiriki anasema, “Nilitoa elfu kumi kwa Mama Asha.” Je, Mama Asha ni wakala ambaye kibandani mwake pesa zilichukuliwa, au ni jirani aliyepewa mchango wa arusi? Kitenzi toa hubeba maana zote mbili, na kihusishi kwa hakisaidii, kwani huonyesha mahali pa mtu na pia mpokeaji. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kuchukua nafasi hiyo. Mfasiri hulazimika kuchagua, na akishachagua, utata unakuwa umefutwa pasipo mtu kujua kwamba uliwahi kuwapo. Kama makala inachunguza kwa nini watu huchanganyikiwa na orodha ya huduma iliyoandikwa “Toa pesa”, basi kilichofutwa ni data yenyewe.

Kitenzi tumia kina mtego mkubwa zaidi. Kwa umbo, ni tuma iliyoongezewa kiambishi cha kutendea: nimemtumia pesa, yaani nimezituma kwake. Lakini tumia ndicho pia kitenzi cha kufanya kitu kuwa chombo, na cha kumaliza mali: nimetumia pesa, yaani zimekwisha. Mshiriki akisema juu ya ndugu yake, “Alinitumia tu,” huenda anasifu ukarimu wa aliyetuma bila kuombwa. Huenda pia analalamika kwamba alifanywa ngazi. Katika utafiti unaohusu imani baina ya watu wanaotumiana pesa, tafsiri moja hupindua matokeo yote. Tena jina linalopewa binadamu katika taaluma nzima, mtumiaji, limetokana na kitenzi hicho hicho.

Dawa yake inajulikana tangu zamani katika isimu: sentensi ya asili kwanza, chini yake maana ya kila kiambajengo, kisha tafsiri. Wanakompyuta hudhani kwamba jambo hilo litaongeza urefu, nao wana haki kiasi. Si lazima kila nukuu itendewe hivyo. Zitoshe zile ambazo hoja imeziegemea. Zilizobaki ziwekwe katika viambatisho, ingawa mwandishi akumbuke kuwa mhakiki halazimiki kuvisoma, na kwamba makala hutakiwa isimame yenyewe. Hata katika AfriCHI, kongamano la Afrika lililofanyika kwa mara ya kwanza Nairobi mwaka 2016 na kisha Windhoek mwaka 2018, haifai kutegemea kwamba mhakiki atakijua Kiswahili. Mnamibia ana lugha zake.

Uhakiki wenyewe hufanywa na wasimamizi wawili wa kamati pamoja na wahakiki wa nje wasiopungua wawili. Kongamano la mwaka 2022 lilileta utaratibu unaofanana na wa majarida: makala yenye matumaini hurudishwa ili isahihishwe, na waandishi huiwasilisha tena baada ya wiki chache pamoja na barua inayoeleza walichobadilisha. Swali la kawaida ni hili: waandishi wamejuaje kwamba mshiriki alikusudia hivyo? Aliyeandika mahojiano yake kwa Kiswahili, akayachanganua kwa Kiswahili na kuyafasiri mwishoni, hufungua daftari na kujibu kwa sentensi mbili za asili. Lakini desturi iliyozoeleka katika miradi mingi ni msaidizi kusikiliza kanda na kuandika Kiingereza moja kwa moja, kwa sababu ni rahisi na ni haraka. Hapo wiki chache za masahihisho hazitoshi kusikiliza upya saa nyingi za mazungumzo, na pengine kanda zenyewe zimekwisha kufutwa kama washiriki walivyoahidiwa.