Nasaba ya Haradali na Ramani ya Sifa Zake

Apitaye katika masoko ya Arusha ataiona loshuu imefungwa mafungu kando ya sukuma wiki, kabichi na chainizi, na aghalabu atanunua alichokikusudia akaenda zake bila ya kudhani kwamba mboga zile zote ni za ukoo mmoja, ukoo wa haradali, na kwamba nasaba ya ukoo huo, pamoja na undugu wake na mimea ya mafuta inayojaza mashamba ya Kanada na Ulaya, iliwekwa bayana na mtu aliyeishi mbali sana na miteremko ya Meru. Mtu huyo ni Woo Jang-choon, ambaye wanasayansi humjua zaidi kwa jina la Nagaharu U. Alizaliwa Tokyo mwaka 1898, baba yake Mkorea na mama yake Mjapani. Baba aliuawa mtoto angali mdogo, na yule yatima akakua, akasoma kilimo, akaingia katika utumishi wa serikali ya Japani, na mwaka 1935 akatoa andiko ambalo watafiti wa jamii hii ya mimea hulirejea mpaka leo.

Alichokifanya kilisimama juu ya hesabu ya kromosomu, nyuzi ndogo zilizomo ndani ya chembe hai, ambazo hubeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Kabichi na sukuma wiki, ambazo kwa mtaalamu wa mimea ni kitu kimoja, zina kromosomu 9 katika kila chembe ya uzazi. Chainizi ina 10. Haradali nyeusi ina 8. Sasa tazama mimea mitatu mingine: mmea utoao mafuta ya kanola una 19, haradali ya Bara Hindi ina 18, na loshuu ina 17. Woo alionyesha kwamba hesabu hizi hazikulingana kwa bahati, bali kila mmoja wa hawa watatu ni mtoto wa ndoa ya wawili katika wale wa kwanza, ambaye hakuacha urithi wa mzazi hata mmoja: 9 na 10 ni 19, 10 na 8 ni 18, 8 na 9 ni 17. Wala hakuridhika na kujumlisha. Aliwachanganya wazazi kwa mkono wake, akapata mmea wa jamii ya kanola usiotoka katika shamba la mtu yeyote. Kwa hiyo loshuu ni binti wa haradali nyeusi na kabichi, na amerithi kote kuwili.

Lakini kujua wazazi wa mtu si kujua ni nani aliyempa pua na nani aliyempa sauti. Ili kujua sifa fulani ya mmea imekaa kromosomu ipi, na sehemu gani ya kromosomu hiyo, ilihitajika ilimu nyingine, na mlango wake ulifunguliwa Marekani mwaka 1913 na kijana Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa akichunguza nzi wa matunda. Jeni zimepangwa katika kromosomu kama shanga katika uzi, na kila kizazi kinapoumbwa nyuzi za baba na mama hukatika hapa na pale na kubadilishana vipande. Shanga zilizo jirani hubaki pamoja mara nyingi, na zilizo mbali hutengana mara nyingi. Kijana yule alitambua kwamba ukihesabu ni mara ngapi sifa mbili zimetengana katika uzao, umepata umbali uliopo baina yao, na kwa umbali huo waweza kuchora ramani ya mahali ambapo hakuna jicho lililopata kupaona. Miaka kumi baadaye, mwaka 1923, Karl Sax alionyesha katika maharage kwamba rangi ya ganda la mbegu huandamana na uzito wake, na hivyo sifa ya kupimwa kwa mizani, ambayo haigawanyiki katika ndiyo na siyo, nayo ikapatiwa makao. Siku hizi alama za njiani si rangi za ganda tena. Ni maelfu ya sehemu ambamo herufi za DNA za baba hazifanani na za mama, nazo husomwa katika kipande cha jani la mche uliochipua jana, hata mzalishaji wa mbegu akajua cha kung'oa na cha kuacha kabla ua la kwanza halijafunguka.

Faida ya elimu hii haionekani mahali popote kwa dhahiri zaidi kuliko katika kisa cha kanola. Mafuta ya kale ya mmea ule yalikuwa na asidi ya eruki kwa wingi, yapata asilimia 40 na kuzidi, na majaribio ya panya yaliwatia watu hofu juu ya moyo. Katika Kanada, Baldur Stefansson wa Manitoba na Keith Downey wa Saskatoon walitafuta mmea usiokuwa nayo, na chimbuko lake wakalipata katika mbegu ya malisho kutoka Ujerumani iitwayo Liho. Ilivyokuwa kiwango cha asidi hiyo huamuliwa na kijusi chenyewe kilichomo ndani ya mbegu, wala si na mmea mama, mbegu mbili za kitumba kimoja zaweza kuhitilafiana. Basi watafiti wale waliikata mbegu moja, nayo upana wake hauzidi milimita mbili au tatu, wakatoa upande mmoja wa jani lake la akiba, wakaupima mafuta, na sehemu iliyobaki yenye kiini cha uhai wakaipanda ikaota. Naikumbuka subira hiyo kila nisikiapo kwamba sayansi ni kazi ya mashine. Mwaka 1974 Stefansson alitoa Tower, mbegu ya kwanza ya aina yake iliyopungukiwa na asidi ya eruki na uchungu pia, na leo kanola sharti iwe na chini ya asilimia 2 ya asidi hiyo. Ramani ya jeni ilipokuja kukamilika, ilidhihirika kwamba sifa ile ilikuwa na makao mawili: moja katika kromosomu iliyotoka upande wa chainizi, jingine katika iliyotoka upande wa kabichi. Katika la kwanza herufi moja ya DNA imebadilika. Katika la pili herufi mbili zimepotea. Hesabu ya mwaka 1935 ikapata shahidi ambaye Woo, aliyefariki Korea mwaka 1959, hakujaliwa kumwona.

Uchungu nao una habari yake. Hutoka katika glukosinolati, silaha ya mmea dhidi ya wadudu, ambayo pia ndiyo ukali wa haradali na ladha ya sukuma wiki. Ikizidi katika mashudu hudhuru kuku na nguruwe. Ikiondolewa kabisa katika jani, mkulima atajuta. Mwaka 2012 watafiti waliokuwa wakichunguza jamaa mdogo wa haradali, Arabidopsis, walibainisha jeni mbili zinazosimamia usafirishaji wa glukosinolati hadi katika mbegu. Zikizimwa zote mbili, mbegu hubaki haina na jani hubaki na silaha yake.

Mwaka huohuo wa 2012, ndege ya utafiti iliruka katika anga ya Ottawa kwa mafuta yaliyotokana na mmea peke yake, na mmea huo ulikuwa loshuu. Mwaka 2018 ndege ya abiria ya Qantas ilitoka Los Angeles hadi Melbourne na mafuta ya loshuu yakiwa sehemu ya kumi ya mchanganyiko wake. Asidi ya eruki iliyofukuzwa jikoni ni fahari katika kazi hiyo, na mwaka 2021 jeni zote za loshuu zilichapishwa zikiwa zimepangwa kromosomu kwa kromosomu.

Naifurahia heshima hiyo, walakin naona hatari ya ramani kuchorwa kwa ajili ya mbegu, na jani likasahauliwa. Mlaji wa Arumeru hataki asidi. Ataka mmea unaochelewa kutoa maua ili achume kwa majuma mengi, unaostahimili kuoza kweusi kunakoteketeza kabichi, wenye uchungu wa kadiri. Kituo cha Mboga cha Dunia kina tawi lake Arusha na ghala ya mbegu za mboga za Kiafrika, kwa hiyo malighafi ipo. Kilichobaki ni kuchanganya loshuu mbili zisizofanana, kupanda uzao wao mstari kwa mstari, kusoma DNA ya kila mstari, kisha kuwaita wanawake walioilima na kuiuza mboga hii umri wao wote waionje, na hukumu ya ndimi zao iandikwe katika daftari lilelile la vipimo vya maabara.