Uundaji na Usafirishaji wa Protini na Lipidi katika Seli: Mfano wa Kimelea cha Malaria

Makala haya yanafafanua jinsi oganeli za seli zinavyounda, kuchakata na kusafirisha protini na lipidi, kwa kurejelea Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha malaria kali.

Katika seli yenye kiini, ribosomu huunganisha asidi amino kuwa protini. Protini inayokusudiwa kutoka nje ya seli hubeba alama inayoielekeza kwenye retikulamu ya endoplazimu. Ugunduzi wa alama hizo ulimpatia Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Humo protini hukunjwa na kukaguliwa, kisha hupelekwa kwa vifuko vidogo hadi kwenye Golgi, ambako hukamilishwa na kupangwa kulingana na mahali inapokwenda. Retikulamu hiyohiyo huunda sehemu kubwa ya lipidi za utando.

Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, ribosomu, retikulamu wala Golgi. Kimelea kinachoingia humo hakikuti njia yoyote ya kusafirishia protini, hivyo hulazimika kujenga ya kwake. Protini zake nyingi zinazotumwa nje zina alama iitwayo PEXEL, ambayo hukatwa zikiwa bado katika retikulamu ya kimelea. Kisha hukunjuliwa na kupenyezwa katika mlango uitwao PTEX, uliomo katika utando unaokizunguka kimelea. Protini ya PfEMP1 husafiri mbali zaidi hadi kwenye uso wa chembe, ambako huinasa chembe hiyo kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Kwa njia hiyo chembe huepuka kuchujwa na wengu, na mishipa ya ubongo huweza kuziba. Kimelea kina jeni zipatazo 60 za protini hiyo na hubadilisha ile inayotumika, jambo linalotatiza kinga ya mwili.

Kwa upande wa lipidi, kimelea huchukua asidi za mafuta kutoka katika damu na kuzitumia kujenga tando za vimelea vipya katika mzunguko wa takribani saa 48. Aidha, kina oganeli iitwayo apikoplasti, yenye asili ya mwani, inayounda viambajengo vya isoprenoidi ambavyo bila hivyo hakiwezi kuishi.

Maarifa haya yana uzito katika sera ya tiba. Doksisaiklini huzuia uundaji wa protini ndani ya apikoplasti. Kizazi cha kwanza cha vimelea huendelea kuzaana. Kinachokufa ni kizazi kinachofuata, kwa kurithi apikoplasti isiyofanya kazi. Ndiyo maana dawa hiyo hufaa kwa kinga ya wasafiri, au kwa tiba ikiambatana na dawa nyingine, lakini haifai kutegemewa peke yake kwa mgonjwa mahututi, ambaye huhitaji sindano ya atesuneti inayoua vimelea kwa haraka. Mwongozo wa tiba usiozingatia oganeli inayolengwa na dawa unaweza kumchelewesha mgonjwa kwa siku ambazo hana.