Memba anayesahau deni si mwizi: AVC na kazi ya kooperative



Tuseme mama mmoja wa kikundi alikopa kilo 20 za mbegu ya mupunga. Jina lake liko mu kaye, lakini wakati wa kurudisha anaapa kwamba hakupokea kitu. Wengine wanasema ni mwizi, wengine wanasema amelogwa. Mbele ya kumhukumu, sisi waagronomu tunaomba muulize kwanza: mama huyu hakupata AVC?

AVC inakuja wakati mushipa wa damu wa ubongo unazibika ao unapasuka. Wengi tunaijua kwa mkono na mguu wa upande mmoja kukosa nguvu. Lakini iko ile inayogonga ndani kabisa, mahali panaitwa talamusi. Kila upande wa ubongo uko na talamusi moja, ndogo kupita yai la kuku. Ni kama depo ya kooperative: habari za ngozi, macho na masikio zinapitia pale mbele ya kufika kwingine. Depo ikiungua, mashamba yako, soko liko, lakini mizigo haipite tena.

Ndiyo sababu mtu anaweza kutembea na kuongea vizuri, lakini jambo la asubuhi halikumbuki mangaribi. Mambo ya zamani mara nyingi yanabakia: anajua mbegu, anajua majira. Pengine anajaza pengo kwa jambo ambalo halikutokea, na yeye mwenyewe analiamini. Huo si uongo. Wengine wanalala mingi ao hawana tena hamu ya kazi, watu wanawaita wavivu.

Tena upande mmoja wa mwili unaweza kufa ganzi. Kisha majuma ao miezi, wengine wanasikia upande huo unawaka kama moto, hata nguo ikigusa tu. Waganga wawili wa Paris, Dejerine na Roussy, waliandika juu ya maumivu hayo tangu mwaka 1906. Si uchawi. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi haziyatulizi. Daktari yuko na zingine.

Msiseme ni ugonjwa wa watu wa mjini tu. Huko Tanzania, watafiti walihesabu wagonjwa wa AVC toka 2003 mpaka 2006. Wakisha kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa karibu watu 316 kwa 100,000 kila mwaka. Lakini wilaya ya Hai, kwenye vijiji vya wakulima, ilikuwa karibu 109.

Kooperative inaweza kufanya nini?

1. Deni liandikwe kwenye karatasi mbili, mbele ya mtu wa jamaa ambaye mgonjwa mwenyewe amekubali. Karatasi moja ibakie nyumbani kwake.

2. Mtu asimuuzishe shamba ao kumtilisha saini peke yake. Hapo ndipo watu wanapoteza udongo wa wazazi.

3. Mpeni kazi anayoijua toka zamani: kuchagua mbegu, kupukucha mahindi, kufundisha vijana. Kazi moja kwa wakati, vyombo mahali pamoja kila siku.

4. Asipulize dawa ya wadudu: anaweza kusahau kipimo na kurudilia. Mkono wenye ganzi hausikii moto wala panga, basi asiwe peke yake kwenye kuchoma shamba ao kukata miti.

5. Dawa za tansio apewe na mtu wa nyumbani kila siku, hata akisema amekwisha kunywa. Kaye ndogo ya alama inasaidia.

Tansio ya juu ndiyo inaharibu sana mishipa midogo ya talamusi, na mara nyingi haiumi. Pimeni tansio kila mara mnapopita kwenye kituo cha afya. Punguzeni chumvi na lotoko, acheni tumbako. Na mtu akipinda mdomo ghafula, akikosa nguvu ao ganzi ikimshika upande mmoja, akichanganyikiwa ao kulala usingizi usioamshika, msingoje kesho. Msimpe chakula wala kinywaji. Mpelekeni hopitali saa ile ile, hata kwa kipoyi.

Mwaka huu, mbele ya kugawa mbegu, kila kikundi kiulize kati yake: nani alipata AVC, na nani atasimama naye kwenye kaye?